Kampala: tufukuze taksi na boda tulete mabasi? Tuangalie pande zote kwanza

Kila jamu ya magari ikifunga Kampala kabisa, zile jioni mvua imenyesha, maji yamejaa Bwaise na Clock Tower na watu wanafika nyumbani saa nne usiku, ubishi unarudi ule ule. Kuna wale wanaosema toeni hizi taksi za watu 14, toeni boda zote katikati ya tauni, yaani mjini kati, leteni mabasi makubwa kama miji ya wenzetu. Na kuna wale wanaosema taksi na boda ndo zimeubeba huu mji miaka yote, ukizitoa mji unasimama, na tena wengi wanaotaka zitolewe wana magari yao na hawajapanda taksi siku nyingi. Mimi nazipanda zote, na nikisikiliza hizi pande mbili naona kila mmoja ameshika kitu cha kweli, lakini wote wanagombania aina ya gari, na aina ya gari kwangu mimi inakuja nyuma. Kwanza tuulize gari linatafuta pesa yake namna gani, alafu tuulize nani amepewa barabara. Hayo mawili yakibaki yalivyo, hata mkileta mabasi mapya 500 jamu itakuwa ile ile, sasa ikiwa na mabasi ndani yake.

Tuanze na mji wenyewe ulivyokaa. Sensa ya 2024 ilihesabu watu kama milioni 1.8 ndani ya Kampala, lakini hiyo ni hesabu ya wanaolala hapa. Mchana wanaingia watu kutoka Nansana, Kira, Mukono, Kajjansi, Matugga, Gayaza, yaani Wakiso na Mukono zote zinaingia kwenye vilima vichache vya katikati kwa sababu maofisi yako huko, masoko ya Kikuubo na Owino yako huko, hospitali kubwa na vyuo viko huko. Barabara za Jinja, Bombo, Hoima, Masaka, Entebbe, Gayaza na Ggaba zote zinakutana katikati, na taksi zinazifuata mpaka pakini, yaani kwenye vituo vyao: Paki ya Zamani, Paki Mpya na zile zingine ndogo. Mtu wa Kabalagala anayefanya kazi Bugolobi, ni hapo karibu tu ukipita Namuwongo, lakini kwa taksi wengi inabidi waingie tauni kwanza alafu wapande nyingine ya kutoka, nauli mbili, jamu mbili. Northern Bypass ilifunguliwa 2009 ili magari yazunguke mji bila kupita katikati, na kweli imesaidia malori na watu wenye magari yao, lakini taksi nyingi bado zinaenda pakini kwa sababu abiria wa kujaza gari wako pakini.

Na hapo kwa kujaza gari ndo kwenye kiini chenyewe. Madereva wengi wa taksi gari si lao. Dereva anaamka tayari anadaiwa, kuna pesa ya mwenye gari ambayo lazima ipatikane kila siku iwe mvua iwe jua, kuna mafuta, kuna konda, kuna pesa za steji na paki, kuna wale vijana wa kuita abiria wanaochukua chao kila gari likijaa, na saa zingine kuna polisi wa trafiki. Hana mshahara. Akiondoka na watu wanane amepata pesa ya mafuta tu, kwa hivyo haondoki, anakaa injini inanguruma, anasogea mbele kidogo anarudi nyuma, na wewe uliyeingia wa kwanza unamaliza nusu saa bila kwenda popote. Kuna mpaka watu wanaokalishwa ndani kama abiria ili gari lionekane linakaribia kujaa, konda anaita kimebaki kiti kimoja tu, wewe ukishakaa unawaona wanashuka mmoja mmoja. Alafu likijaa kweli sasa ni mbio, kwa sababu faida iko kwenye safari zinazofuata, anapanda pembeni ya barabara kwa waenda kwa miguu, anaingia upande wa wanaokuja, na akiona mbele abiria wa kurudi nao hawapo anageuza katikati ya safari, "jamani shukeni hapa, ingieni hii ya nyuma." Watu wanasema madereva hawana adabu. Wapo wasio na adabu, sikatai, lakini mtu yeyote mpole ukimpa ile hesabu ya asubuhi, kwa mwezi mmoja tu ataendesha vile vile.

Kwa miaka mingi paki zilikuwa mikononi mwa UTODA, chama cha wenye taksi na madereva. KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ilipoanza 2011 chini ya Jennifer Musisi ikachukua usimamizi, na baadaye taksi zikatakiwa kulipa shilingi 120,000 kwa mwezi. 2020, wakati wa lockdown, Paki ya Zamani ikafungwa ikatengenezwa upya, na leo pale chini pako vizuri kuliko ule udongo na mashimo ya zamani. Lakini aliyepokea pesa ndo aliyebadilika, na chini ya magari sakafu ikabadilika. Hesabu ya dereva haikuguswa: jaza, kimbia, rudi ujaze tena.

Sasa upande wa kuzitetea hizi taksi, na nautetea kwa moyo kwa sababu watu wengi wanaongea kama vile hizi gari zilianguka toka mbinguni kuja kusumbua watu. Serikali haizilipii chochote. Hakuna ruzuku, hakuna mkopo wa nchi uliochukuliwa kununua taksi, ni watu binafsi, wengine walimu, wengine wanajeshi wastaafu, wengine mama wa sokoni waliojibana wakanunua gari moja iliyotumika Japani. Saa kumi na moja alfajiri kabla afisi yoyote haijafunguliwa taksi ziko Kalerwe na Nakasero na watu wa soko na matenga yao ya nyanya, kuku wanakaa chini ya kiti, gunia la mkaa linafungwa nyuma, basi gani la kisasa litakubali hayo? Unamwambia konda "maaso awo", yaani hapo mbele, anakushusha mlangoni karibu na kwako. Na ikitokea mtaa mpya umejengwa huko ndani ndani ambako hakuna mpango wa mji wala lami, taksi ya kwanza inafika kabla ya diwani kujua kwamba watu wameshahamia.

Lakini sitaki pia kufunika mabaya yake. Nauli haijaandikwa mahali popote. Safari ya 1,500 asubuhi inaweza kuwa 3,000 jioni mvua ikianza kudondoka, na hauna pa kulalamika. Januari 2022 malori ya mafuta yalipokwama mpakani Malaba na Busia kwa sababu ya mgogoro wa vipimo vya Covid, kuna sehemu petroli ilipita 10,000 kwa lita, nauli zikapanda siku hiyo hiyo, na mafuta yaliposhuka nauli hazikushuka kwa mwendo ule. Kwa mtu mwenye mshahara mdogo huwezi kupanga mwezi wako namna hiyo. Na sisi tunaoongea Kiswahili tunajua kitu kingine, ukiuliza bei kwa Kiswahili stejini wanakuona mgeni, Mkongo au Mkenya aliyekuja Kikuubo kununua mzigo, na bei inaongezeka hapo hapo. Kampala kuna wakimbizi wengi kutoka Congo, kuna wanafunzi kutoka Sudan Kusini, kuna wafanyabiashara wa Tanzania na Kenya, kuna sisi wa Busia na Tororo na watu wa West Nile ambao Luganda chetu si kizuri. Nauli iliyoandikwa mlangoni ingewalinda watu wote hao bila kuhitaji kujua lugha ya mtu. Ongeza mtu wa kiti cha magurudumu, ambaye taksi hazimsimamii kwa sababu kumpakia kunachukua muda na kiti kinachukua nafasi ya abiria. Yeye huu ubishi wote wa basi au taksi unamkuta bado amebaki pembeni ya barabara.

Kuhusu nafasi barabarani, wale wa mabasi hapo wana hoja ambayo haiwezi kupingwa. Chukua watu 60 wa Kira wanaoingia tauni asubuhi. Basi moja kubwa linawatosha. Kwa taksi unahitaji tano. Kwa magari ya binafsi, ambayo mengi unayaona yana mtu mmoja au wawili, ni magari 30 mpaka 60. Sasa simama Nakawa saa moja asubuhi uhesabu kwa macho yako ni nini kinachojaza barabara. Taksi zinaonekana kwa sababu zina fujo, zinasimama ovyo, zinapiga honi, lakini nafasi kubwa imechukuliwa na magari yale yaliyotulia yenye viyoyozi, na hao ndo wanaongoza kupiga kelele kwamba taksi zitolewe. Hesabu hiyo hiyo inayolipa basi ushindi dhidi ya taksi inaipa taksi ushindi mkubwa zaidi dhidi ya gari la binafsi, na hiyo sehemu ya pili wanasiasa hawaitaji kabisa.

Angalia pia pesa ya umma imeenda wapi. Barabara ya haraka ya Kampala hadi Entebbe, kilomita 51 pamoja na tawi la Munyonyo, ilifunguliwa 2018, iligharimu dola milioni 476, sehemu kubwa mkopo wa China, na tangu Januari 2022 unalipia kupita. Boda haziruhusiwi kule. Kuna na flyover, barabara ya juu, pale Clock Tower, kazi iliyopata pesa za Japani. Sisemi barabara hizo hazina faida, mtu anayewahi ndege anajua faida yake. Lakini kwa miaka hiyo hiyo mji haukupata hata kilomita moja ya njia ya mabasi peke yake, na mpango wa mabasi ya mwendokasi hapa Kampala umezungumzwa zaidi ya miaka kumi, watoto waliokuwa primary wakati unatajwa mara ya kwanza sasa wanatafuta kazi.

Boda nazo zinahitaji kuongelewa kwa utaratibu kwa sababu hapo watu wanakuwa wakali sana. Sisi wa Busia boda ni kitu chetu, zilianza na baiskeli za kuvusha watu na mizigo mpakani miaka ya 1960, kwa hivyo nazipenda, lakini mapenzi hayo hayanizuii kuona. Hospitali ya Mulago wanapokea majeruhi wa boda kila siku, kila mtu Kampala ana ndugu au jirani aliyevunjwa mguu au aliyezikwa. Sheria inataka helmeti kwa dereva na kwa abiria pia, simama mahali popote uangalie abiria wangapi wanayo. Wanapita kwenye njia za miguu, wanapita taa nyekundu, wanabeba watu watatu wanne na mtoto mbele kwenye tangi.

Upande mwingine, mtu anayekaa juu kule Kyebando au ndani ya Makindye ambako taksi haifiki, atatembea kilima hicho usiku na mzigo? Mama aliyeshikwa na uchungu saa nane usiku, ambulensi ipi itamfuata kwenye kichochoro? Boda inakutoa Wandegeya ikufikishe Kisenyi kwa muda ambao taksi haijatoka kwenye mzunguko. Wakati inatumika kwa safari fupi ya kutoka nyumbani mpaka barabara kubwa sioni kabisa kitu cha kuichukua nafasi yake. Hatari kubwa inaanza watu wanapoitumia kuvuka mji mzima, Mukono road mpaka Entebbe road, katikati ya malori, kwa sababu tu kile chombo kikubwa ambacho kingewabeba umbali huo kimekwama. Kwa maneno mengine boda nyingi za katikati ya tauni zimezaliwa na jamu, ukizifukuza jamu ikibaki zitarudi kupitia njia nyingine. 2020 KCCA ilitangaza eneo la katikati kuwa boda zisiingie. Nenda leo pale Kampala Road uangalie.

Na tunajua boda zinaweza kubadilika, tumeona. SafeBoda, kampuni ya boda unazoita kwa simu, ilianza 2014 na ghafla tukaona madereva wenye jaketi la rangi moja, helmeti mbili, na bei unaijua kabla ya kupanda. Akina dada wengi niliokuwa nawasikia wanaogopa boda usiku walianza kupanda kwa sababu dereva anajulikana jina na namba. Baadaye bei za chini kwenye simu zikagombana na mapato ya dereva, wengi wakawa wanazima simu wanakubaliana na abiria pembeni, na tukarudi nusu njia. Hata hapo tatizo lilikuwa lile lile la dereva wa taksi, mtu anadaiwa pesa ya pikipiki kila wiki, usalama unamgharimu muda na muda ndo pesa yake ya mkopo.

Wale wanaosema toa kila kitu tuanze upya, jibu lao lilishakuja bila kuombwa. Machi 2020 Rais Museveni alisimamisha usafiri wa umma kwa sababu ya corona. Boda zikaruhusiwa mizigo tu. Taksi zilirudi Juni na nusu ya abiria, boda zikaruhusiwa kubeba watu mwishoni mwa Julai. Miezi ile tuliuona mji bila taksi na bila boda, na ndio, barabara zilikuwa nyeupe, hewa nzuri, unasikia ndege wakilia. Na watu walitembea. Wauguzi walitembea kilomita nyingi kwenda kazini, wajawazito walitakiwa kutafuta ruhusa ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, ndo wapelekwe hospitali, na kuna ambao hawakufika kwa wakati. Kisha taksi ziliporudi nusu ya viti, abiria mmoja akalipia karibu viti viwili. Kwa hivyo ukiniambia ondoa kwanza, tutapanga baadaye, mimi naikumbuka miezi ile.

Na wale wanaosema mabasi hayawezekani Kampala kwa sababu yalishindwa, hao nao waangalie vizuri yalishindwaje. Machi 2012 Pioneer Easy Bus ilianza na mabasi kama 100, makubwa, ya rangi ya machungwa, nauli nafuu kuliko taksi. Watu walifurahi sana, foleni zilikuwa ndefu. Mwisho wa 2013 mabasi yakakamatwa kwa madeni ya kodi, yakakaa yameegeshwa, na yaliporudi baadaye hayakuwa tena na nguvu ile. Kodi ilikuwa kitanzi kilichoonekana. Lakini tangu siku ya kwanza yale mabasi yaliwekwa kwenye barabara ile ile pamoja na kila mtu, hayakupewa njia. Basi la watu 60 likikwama nyuma ya magari 40 linafanya safari chache kwa siku, safari chache maana yake pesa kidogo, na pesa kidogo kodi itatoka wapi? Taksi ndogo inajipenyeza, basi haliwezi, kwa hivyo kwenye barabara ya kuchanganyikana basi litashindwa na taksi kila siku hata likiwa jipya namna gani. Siku hizi naona watu wanashangilia mabasi ya umeme ya Kayoola ya Kiira Motors, na mimi nafurahi kuona kiwanda kiko Jinja na hewa itakuwa safi zaidi, lakini umeme haufungui jamu, basi la umeme likikwama Kibuye limekwama.

Majirani zetu wameshatufanyia majaribio bure. Nairobi, Desemba 2018, gavana Sonko alizuia matatu kuingia katikati ya mji. Siku ya kwanza watu walitembea kwa maelfu kutoka Muthurwa na Ngara, wazee na watoto, na kabla wiki haijaisha amri ilikuwa imesimamishwa. Walitoa kabla hawajaweka.

Dar es Salaam walifanya kinyume, walijenga kwanza. Mwendokasi ilianza Mei 2016, awamu ya kwanza kama kilomita 21, Kimara mpaka Kivukoni na matawi yake, ina njia yake katikati ya barabara, ina vituo, na daladala zikaondolewa kwenye njia hiyo. Mtu wa Kimara aliyekuwa anapoteza masaa alianza kufika mjini kwa dakika alizoweza kuzihesabu. Hiyo ni kweli na inatakiwa kusemwa kwa sauti. Lakini baadaye mabasi yakawa machache, abiria wanajaa vituoni mpaka wanapandia madirishani, karakana iliwekwa bonde la Jangwani ambako mafuriko yanakuja kila masika, na daladala ikawa haipo tena ya kukusaidia basi lisipokuja. Hapo ndipo upande wa taksi una hoja nzito sana, ukimpa mwendeshaji mmoja barabara nzima na akilala, mji mzima unalala naye.

Kigali ndo inayotajwa zaidi na watu wa Kampala, kila anayetoka huko anasifia. Tangu 2013 waligawa mji kwa kanda, wakazipa kampuni, vibasi vidogo vikasukumwa nje polepole, na "moto" zao, yaani boda za kule, zina helmeti mbili kweli. Lakini ulizeni watu wa Nyabugogo kuhusu foleni za jioni, mpaka serikali ikabidi iagize mabasi mengine. Na nauli ilikuwa chini kwa sababu serikali ilikuwa inalipia sehemu, Machi 2024 ilipoacha kulipia nauli ikapanda. Basi la bei nafuu linalotoka kwa saa yake, liwe limejaa au halijajaa, kuna mtu analilipia. Kampala tunataka basi hilo ila sijasikia kiongozi akisema pesa itatoka wapi.

Treni naipitisha haraka. Ya Kampala kwenda Namanve ilianza Desemba 2015, inapita Nakawa na Kireka, ina njia yake na jamu haiigusi, nauli ni nafuu. Imesimama na kurudi mara kadhaa, na safari ni chache, za asubuhi na jioni. Inasaidia ukanda mmoja, iendelee, iongezwe, lakini mtu wa Nansana au Ggaba haimfikii.

Basi mimi nasimama wapi? Nasimama na mabasi makubwa kwenye barabara kubwa, boda kwenye safari fupi za mitaani, na taksi katikati ya hivyo viwili, zikiunganisha mtaa na mtaa bila kulazimika kuingia pakini. Ila mpangilio wa kufika huko ndo kila kitu. Njia itengwe kabla ya basi kununuliwa. Chukueni barabara moja, mimi ningechukua Jinja Road kuanzia Nakawa kuingia mjini ambako upana upo, mstari mmoja kila upande, asubuhi na jioni, uwe wa vyombo vya umma peke yake. Na wa kwanza kuutumia ziwe taksi hizi hizi tulizo nazo, hazihitaji mkopo wa nje wala kiwanda. Kwa sharti moja: taksi inayoingia mstari ule nauli yake imeandikwa mlangoni, inaondoka kwa zamu na saa hata kama viti havijajaa, na haigeuzi katikati ya safari.

Najua atakayepinga kwanza. Wenye magari watasema mnatunyang'anya barabara. Ni kweli, mnanyang'anywa sehemu, na naona ni haki, kwa sababu mstari ule ukibeba taksi tu utapitisha watu wengi zaidi kuliko unavyopitisha leo. Wapo pia wakubwa wenye ving'ora ambao mstari wowote mtupu wataugeuza kuwa wao, na hilo ndo linanitia hofu kuliko yote, kwa sababu polisi wa trafiki wa cheo kidogo hawezi kusimamisha gari la afande. Kama amri haitatoka juu kabisa ikisema hata msafara wa waziri hauingii pale, bora tusipoteze rangi ya kuchora mstari.

Madereva watauliza nikiondoka na watu wanane nani ananilipa vile viti sita? Swali zuri, na lazima lijibiwe kwa pesa. Sehemu ya jibu ni safari kuongezeka, gari lisilokwama linafanya mizunguko mingi zaidi kwa mafuta yale yale. Sehemu nyingine ni kuwaondolea zile pesa ndogo ndogo za stejini na za vijana wa kuita, maana gari linaloondoka kwa saa halihitaji mtu wa kuliitia. Vijana hao wapewe kazi ya kupanga foleni na kukata tiketi pale pale, wanaijua steji kuliko mtu yeyote. Na kwa miezi ya mwanzo serikali ijaze pengo, kiasi kidogo sana ukilinganisha na flyover. Baadaye mabasi yakija, wenye taksi wapewe nafasi ya kununua hisa kwenye kampuni ya mabasi, kwa kuunganisha magari yao, wasije wakaamka siku moja wamefukuzwa kwenye barabara waliyoihudumia miaka 30 na mtu wa nje akapewa.

Na KCCA peke yake haiwezi, kwa sababu Kireka na Bweyogerere ziko chini ya manispaa ya Kira, Nansana ina manispaa yake, Mukono yake, na taksi inayobeba mtu wa Bweyogerere inaanza safari kwenye serikali moja inaimalizia kwenye nyingine. Leo kila moja ina steji zake. Wizara ya ujenzi na ile ya mambo ya Kampala ziwaite hao wote pamoja na vyama vya madereva, wakubaliane nauli moja iliyoandikwa na ada moja kwa barabara nzima ya Jinja kabla hawajaagiza hata basi moja.